Poitier Hakuwa Kibaraka

Mwezi Januari 2022, redio ilipotangaza kwamba Sidney Poitier amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 94, nilikuwa nimeketi barazani na kijana mmoja jirani yangu, mwalimu wa sekondari, mtu wa vitabu na mwenye adabu zake. Nikasema, "Leo ameondoka mtu." Kijana akatabasamu kidogo, akasema, "Mwalimu, uniwie radhi, lakini yule si ndiye Mweusi aliyependwa na Wazungu kwa sababu hakuwatisha?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwita mke wangu atuongezee chai, tukazungumza habari za mvua. Sikumjibu kwa sababu maneno yale niliyatambua. Yalikuwa yangu. Niliyasema mimi mwenyewe nikiwa mwanachuo wa ualimu, mbele ya ukumbi uliojaa, nikapigiwa makofi na vigelegele. Leo nataka kumjibu kijana yule, na kwa kufanya hivyo nijijibu na mimi.

Ilikuwa mwaka 1972. Filamu ya To Sir, with Love, iliyotoka mwaka 1967, ilikuwa imefika katika sinema ya mjini kwetu, mkanda wenyewe umekwishachoka na kukwaruzika. Wakufunzi wetu walitupeleka kwa makundi kwa sababu inamhusu mwalimu. Mtu Mweusi, mhandisi asiyepata kazi ya fani yake, anapewa darasa la vijana watukutu katika mitaa ya mashariki ya London, naye anawatuliza kwa heshima, suti na Kiingereza safi. Wakufunzi walitarajia turudi chuoni tukiwa na ari. Sisi tulirudi na hoja ya mdahalo: "Sidney Poitier ni kibaraka." Nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande unaounga mkono. Nikauliza, hasira yake iko wapi? Mke wake yuko wapi? Kwa nini kila anapotukanwa anavuta pumzi na kurekebisha tai? Hizo zilikuwa siku za vyama vya ukombozi kuwa na ofisi zao Dar es Salaam, na neno "kasumba" lilikuwa mdomoni mwa kila kijana. Tulishinda kwa kura nyingi mno.

Wala hatukuibuni hoja hiyo sisi. Huko Marekani kwenyewe, mwezi Septemba 1967, mwandishi Mweusi aitwaye Clifford Mason alikuwa ameandika katika gazeti la New York Times akiuliza kwa nini Wazungu wa nchi ile wanampenda Poitier kiasi kile. Makala yale yalimchoma vibaya. Mwaka huo filamu zake tatu zilikuwa zimetoka kwa mfuatano, na mwaka uliofuata, 1968, wenye majumba ya sinema wa Marekani walimtaja kuwa mwigizaji anayevuta watazamaji kuliko wote. Yaani pale alipofika juu kabisa, ndipo watu wake walipoanza kumwona msaliti. Miji ilikuwa inaungua moto, vijana wanadai madaraka ya Weusi, na kwenye pazia jeupe wanamwona mtu mtulivu, mwenye meno meupe, daktari bingwa asiye na doa, anayeomba ruhusa ya kumwoa binti wa Kizungu. Walikuwa na haki ya kuuliza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Basi kabla sijampa haki yake, nikubali yale ambayo washitaki wake wanayo.

Mwaka 1957 ilitoka filamu ya Something of Value, iliyopigwa Kenya wakati nchi bado imo katika hali ya hatari, na ambayo msingi wake ni riwaya ya Mmarekani Robert Ruark. Poitier ndiye Kimani, kijana wa Kikuyu aliyekua pamoja na kijana wa mlowezi, kisha akaingia msituni. Filamu inajifanya kupima pande zote mbili, lakini mwisho wake Mau Mau ni kiapo cha giza na panga, Kimani anafia shimoni, na mtoto wake anabebwa na yule rafiki wa Kizungu akalelewe naye. Sina la kuitetea hadithi hiyo. Watu waliokuwa wamefungwa kambini wakati ule walistahili masimulizi mengine, na mwigizaji aliukopesha mwili wake kwa masimulizi yale.

Na hiyo To Sir, with Love. Kitabu chenyewe kiliandikwa na E. R. Braithwaite, mtu wa Guyana aliyefundisha kweli huko mashariki ya London, kikachapishwa mwaka 1959. Kitabuni mwalimu ana mapenzi na mwalimu mwenzake wa Kizungu, mapenzi yenye shida na yenye damu. Katika filamu mapenzi hayo yamefifishwa mpaka yamebaki kuwa macho mawili ya huruma. Katika Guess Who's Coming to Dinner, ambayo habari yake yote ni ndoa, wachumba wanabusiana mara moja, na busu hilo tunaliona ndani ya kioo cha dereva wa teksi. Ukweli ni kwamba ilipofika Juni 1967, Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta sheria zilizokataza ndoa za namna hiyo, majimbo 16 yalikuwa bado nazo. Wenye mitaji ya filamu walijua hesabu hizo. Mtu Mweusi aliruhusiwa kuwa na akili, kuwa na subira, kuwa na elimu. Hakuruhusiwa kuwa na kitanda.

Na nikiwa bado hapo, niseme neno moja kwa walimu wenzangu, ambao kwa miaka mingi wameipenda filamu hiyo kwa sababu mbaya. Wanadhani inafundisha kwamba darasa hutulizwa na tai. Yule mwalimu anatupa vitabu kwenye pipa la taka, anaamua kuzungumza na vijana habari za maisha, na baada ya muda mfupi wote wamekuwa waungwana. Mimi nilijaribu mambo hayo katika kituo changu cha kwanza, nikiwa na watoto 68 darasani. Wiki ya tatu akaja mkaguzi. Nisiendelee.

Hayo ndiyo mashitaka, na si madogo. Lakini kosa letu katika mdahalo ule, na kosa la kijana wangu wa barazani, ni kupima maisha ya mwigizaji kwa yale tu aliyoyaigiza. Mwigizaji haandiki hadithi. Hana mtaji. Hachagui nani aongoze wala nani akate mkanda. Kitu kimoja tu kiko mikononi mwake kwa hakika, nacho ni neno "hapana". Basi tuulize, Poitier alisema hapana lini, na ilimgharimu nini?

Katikati ya miaka ya 1950, kabla hajawa tajiri, aliletewa nafasi ya kuigiza baba mmoja, mfagizi. Binti wa baba huyo anauawa na maiti yake inatupwa mbele ya nyumba ili baba atishike asitoe ushahidi. Baba hafanyi kitu. Malipo yalikuwa dola 750 kwa wiki. Poitier wakati huo alikuwa anahangaika, mkewe yuko karibu kujifungua mtoto wa pili, na hospitali inatakiwa kulipwa. Akakataa. Akaenda kuweka rehani samani za nyumbani, akakopa dola 75. Wakala aliyemletea kazi ile hakuelewa, maana katika maandishi hamkuwa na tusi lolote la rangi. Poitier alikuja kueleza baadaye kwamba hakuweza kuigiza baba asiyefanya kitu baada ya kuuawa mwanawe, kwa sababu baba aliyemlea yeye, mkulima wa nyanya katika kisiwa cha Cat huko Bahama, asingekaa kimya. Ndugu msomaji, mimi nimekuwa mtumishi wa umma kwa zaidi ya miaka thelathini. Mara ngapi niliweka rehani samani zangu ili nisifanye nililoambiwa? Sijawahi hata mara moja.

Wakati huo huo, alipoajiriwa kwa filamu ya Blackboard Jungle ya mwaka 1955, wanasheria wa kampuni walimtaka atie saini hati ya uaminifu na kuwakana Paul Robeson na Canada Lee. Zilikuwa siku za kuwasaka wakomunisti. Robeson alikuwa amenyang'anywa pasi ya kusafiria. Canada Lee alikuwa amekwisha kufa tangu 1952, jina lake likiwa limechafuliwa na milango ya kazi imefungwa. Ni Lee huyo huyo aliyekwenda naye Afrika Kusini mwaka 1950 kupiga filamu ya Cry, the Beloved Country, ambako ili waruhusiwe kuingia walisajiliwa kana kwamba ni vibarua wa mwongozaji wao, Zoltan Korda. Kutia saini kungekuwa rahisi, hasa kumkana maiti. Hakutia. Waliokuwa na majina makubwa kuliko yeye, tena Wazungu, walitia na wakataja majina ya marafiki zao.

Sasa tuje kwenye kofi. Katika In the Heat of the Night, ya mwaka 1967 pia, Poitier ni mpelelezi kutoka Philadelphia aliyekwama katika mji mdogo wa Mississippi. Anakwenda kumhoji bwana mmoja mwenye mashamba ya pamba, ndani ya nyumba ya kioo ya kuoteshea maua. Bwana anamzaba kofi. Poitier hapohapo, bila kupepesa macho, anamrudishia. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa ameweka sharti: akipigwa, arudishe, na kipande hicho kisikatwe popote filamu itakapoonyeshwa. Mtu Mweusi kumpiga Mzungu tajiri wa Kusini, mbele ya mamilioni ya watu, na aondoke akiwa hai! Kijana wa leo anaona ni kofi tu. Na asisahau kwamba filamu hiyo haikupigwa Mississippi. Ilipigwa zaidi Sparta, katika jimbo la Illinois, kwa sababu Poitier alikataa kurudi Kusini kabisa. Alikuwa na sababu. Agosti 1964, miezi minne tu baada ya kupokea Oscar, yeye na Harry Belafonte walikuwa wamesafiri usiku mpaka Greenwood, Mississippi, wakiwa na dola 70,000 taslimu za kuwasaidia vijana waliokuwa wakiandikisha Weusi wapige kura. Magari ya wabaguzi yaliwafukuza barabarani. Huyo ndiye tuliyemwita kibaraka, sisi tuliokuwa na umri wa miaka ishirini, tunakula ugali wa serikali.

Hata sisi wa upande huu wa dunia tulikuwa na deni kwake tusilolijua. Mwaka 1959, Tom Mboya alipotafuta nauli ya kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, barua ya kuwaomba Wamarekani wachange ilitiwa saini na watu watatu: Belafonte, mcheza besiboli Jackie Robinson, na Poitier. Ndege ya kwanza ilichukua vijana 81. Hiyo haiifuti Something of Value. Lakini mwenye kutunza daftari aandike kurasa zote mbili.

Mwaka huo huo wa 1959, mwezi Machi, alikuwa jukwaani New York katika A Raisin in the Sun, tamthilia ya Lorraine Hansberry, binti wa miaka 28, mwanamke Mweusi wa kwanza kufikisha tamthilia Broadway. Walter Lee, aliyeigizwa na Poitier, si malaika hata kidogo. Ni dereva wa tajiri, ana wivu, anakunywa, anapoteza fedha za bima ya marehemu baba yake, nusura auze na heshima ya nyumba nzima. Waliosema Poitier hakuwahi kuwa mtu wa nyama na damu hawakuitazama kazi hiyo, au hata filamu yake ya 1961. Wala hakuacha baadaye. Alipoona hadithi za wengine hazimtoshi, alikaa nyuma ya kamera tangu 1972 akaongoza za kwake, zikiwemo za kuchekesha zilizojaza Weusi majumba. Kwenye televisheni aliigiza Thurgood Marshall mwaka 1991, yule wakili aliyeshinda kesi ya kuvunja ubaguzi shuleni mwaka 1954, na mwaka 1997 akawa Mandela.

Oscar yenyewe niipite haraka. Aliipata Aprili 1964, mwanamume Mweusi wa kwanza kutunukiwa kama mwigizaji mkuu, kwa Lilies of the Field. Wa pili, Denzel Washington, aliipata Machi 2002. Miaka 38. Anayesema mlango ulifunguliwa kwa sababu aliyepita aliwapendeza wenye nyumba, anieleze kwa nini walikaa muda wote huo bila kumpitisha mwingine.

Lakini shitaka lililoniuma kuliko yote, na ambalo mimi ndiye nililiongeza kwa ufundi wa mdahalo, ni la sauti. Nilisimama nikaiga Kiingereza chake. Nikasema, msikilizeni, hana hata lafudhi ya mama yake! Watu wakaangua kicheko. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaribia kustaafu, nilisoma maisha yake alivyoyasimulia, ndipo nikajua ile lafudhi ya mama yake ilikwenda wapi.

Aliacha shule akiwa mtoto. Alifika New York akiwa na umri wa miaka 16, akaosha vyombo mahotelini. Siku moja akaona tangazo gazetini kwamba wanahitajika waigizaji, akaenda kwenye American Negro Theatre, kikundi cha Weusi huko Harlem. Mkuu wa pale, Frederick O'Neal, mwigizaji Mweusi wa heshima, akampa kitabu asome. Alisoma kwa kuokoteza neno moja moja, kwa lafudhi nzito ya Bahama. O'Neal akamnyang'anya kitabu, akamsukuma hadi mlangoni, akamwambia aache kupoteza wakati wa watu, akatafute kazi ya kuosha vyombo. Poitier alishangaa mtu huyo amejuaje kazi yake.

Akanunua redio. Kwa miezi sita aliwaiga watangazaji, neno kwa neno. Na katika hoteli aliyokuwa akioshea vyombo, mhudumu mmoja mzee, Myahudi, alimwona akihangaika na gazeti, akamuuliza kuna habari gani. Akajibu kwamba hawezi kusoma vizuri. Tangu siku hiyo, kila usiku kazi ikiisha, mzee yule aliketi naye mezani akamfundisha, wiki kadhaa, bila senti moja. Hakuwa na cheti cha ualimu. Jina lake halijulikani, na Poitier alipokuja kumtafuta ili amshukuru alikuwa amechelewa. Kisha akarudi kwenye kile kikundi. Walipotaka kumwacha tena, akaomba afagie ukumbi na kufanya usafi wote, mradi wamruhusu kusoma. Wakakubali.

Basi ile sauti niliyoicheka ukumbini haikutoka kwa Wazungu. Ilikuwa ada ya mlango, na bawabu wa mlango alikuwa Mweusi mwenzake, mtu wa sanaa, aliyesikia lafudhi asisikie mtu. Tukitaka kulaumu, tumlaumu bawabu.

Na bawabu namjua. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, na tulikuwa tunaandaa mchezo wa kuigiza kwa mashindano ya wilaya. Kulikuwa na mvulana wa darasa la sita ambaye akisimama mbele ya watu, hata wapishi waliacha masufuria waje kutazama. Tulimpa nafasi ya mzee wa kijiji. Lakini alichanganya "r" na "l", kama wanavyosema kwao. Akisema "kura", inatoka "kula", na mchezo wenyewe ulihusu uchaguzi. Siku nne kabla ya mashindano nilimtoa mbele ya wenzake wote. Nilimwambia, "Wewe nenda kajifunze kwanza Kiswahili." Nafasi yake nikampa mtoto wa karani, aliyesema vizuri na kusimama kama mlingoti.

Jioni ile mvulana alikuja ofisini. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba nibebe viti." Nilifurahi, nikamsifu kwa nidhamu yake. Ilinichukua miaka ishirini na mbili, na kitabu cha mtu wa Bahama, kuelewa kwamba hakuwa anaomba viti.

Nilimwacha abebe viti. Alihudhuria mazoezi yote, akikaa nyuma, midomo ikitembea. Tulishika nafasi ya tatu. Baada ya sherehe alivirudisha viti vyote madarasani, akavihesabu, akaniletea idadi yake imeandikwa kwenye kipande cha karatasi: viti 46, kimoja kimevunjika mguu.